Sheria za Kutoa Mimba Zinavyogeuka Duniani

Muhula huu, katika kipindi cha Uraia, mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Nne aliniuliza swali lililonyamazisha darasa zima: "Mwalimu, yawezekanaje jambo moja liwe ruhusa katika nchi moja, na katika nchi nyingine liwe kifungo?" Alikuwa amesikia redioni habari za kutoa mimba. Kengele ililia kabla sijamjibu sawasawa. Basi namjibu hapa, ili na wazazi wasome.

Kwanza tuitazame sheria yetu. Imo katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, iliyoanza kutumika mwaka 1945, zamani za Waingereza. Kifungu cha 150 chasema kwamba mtu anayemtendea mwanamke jambo lolote kwa nia ya kuharibu mimba, kinyume cha sheria, aweza kufungwa hata miaka 14. Kwa kifungu cha 151 mwanamke mwenyewe aweza kufungwa miaka 7, na kwa kifungu cha 152 mwenye kutoa dawa au vyombo vya kazi hiyo, hali akijua, miaka 3. Lakini kifungu cha 230 chamkinga mganga afanyaye upasuaji kwa nia njema na kwa uangalifu ili kuokoa uhai wa mama.

Maneno hayo asili yake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1861. Lakini Waingereza wenyewe waliigeuza: mwaka 1967 Bunge lao lilitunga sheria ya kuruhusu kazi hiyo, waganga wawili wakikubaliana kwamba sababu zilizotajwa katika sheria zipo. Sisi tumebaki na maneno ya kale.

Nchi nyingine zimebadili kwa njia mbalimbali. Argentina ilibadili kwa Bunge, Desemba 2020. Ireland ilibadili kwa kura ya wananchi wote, Mei 2018, na watu 66 katika kila 100 waliopiga kura walikubali. Wala msidhani kwamba zote huelekea upande mmoja. Huko Poland mahakama ya katiba ilikaza sheria mwaka 2020. Huko Marekani Mahakama Kuu iliifanya kuwa haki mwaka 1973, kisha mahakama hiyo hiyo ikaifuta hukumu yake Juni 2022, na tangu hapo kila jimbo hujiamulia.

Majirani zetu nao wamegeuza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza kutoa mimba, ila mganga aliyesomea akiona pana haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini. Rwanda, kwa sheria ya mwaka 2018, inaruhusu kwa sababu kama kubakwa na ndoa ya kulazimishwa, tena bila kungoja amri ya mahakama. Mwaka 2007 Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, inayotaja sababu za namna hiyo, lakini Kanuni yetu ya Adhabu haikubadilishwa.

Katika jambo hili watu wema hawapatani. Wengine husema uhai wa tumboni ni uhai, usiguswe. Wengine husema mama afaye kwa siri naye ni uhai. Sitawaamulia. Lakini liko jambo moja sitalinyamazia.

Nilipokuwa kijana katika milima hii, binti wa jirani yetu alivuja damu siku mbili ndani ya nyumba. Mama yake aliogopa kumpeleka hospitali, kwa kuwa watu walimwambia, "Akifika huko atafungwa." Siku ya tatu tulimbeba kwa machela. Ilikuwa masika, njia inateleza, na alitukatikia mikononi kabla hatujafika barabara ya magari. Hata leo sijui kama mimba ile ilitoka yenyewe au iliharibiwa. Wala halikuwa swali la kuuliza siku ile. Sheria huadhibu kutoa mimba. Haikatazi kumtibu anayevuja damu. Hospitali hutibu mwanamke ambaye mimba yake imeharibika, iwe imetoka yenyewe au imetolewa. Kutibiwa si kosa, wala kumtibu si kosa.

Tena, tangu Novemba 2021 serikali yetu imeruhusu msichana aliyeacha masomo kwa sababu ya ujauzito arudi shuleni. Basi, wazazi, binti akiwajia na habari nzito, msimtishe kwa sheria msiyoijua, wala msimwambie masomo yamekwisha.

Na wewe mwanafunzi uliyeniuliza, jibu langu ni hili: sheria hutungwa na watu, na watu huweza kuigeuza, huku au huku. Siku moja utakuwa mpiga kura, pengine mbunge au hakimu. Kabla ya kusema igeuzwe au isigeuzwe, isome kwanza.