Amonia ya Ziwa George na ya Tangi la Sebuleni

Ukiteremka kutoka Muhokya kwenda mwalo wa Kahendero, unakutana na maji ya kijani, na kijani hicho hakiishi mwaka mzima. Ziwa George, magharibi mwa Uganda, lina ukubwa wa kilomita za mraba 250 hivi, lakini kina chake ni wastani wa mita 2.4 tu. Viboko hula nyasi nchi kavu usiku, kukicha hurudi kunya majini. Samaki kama sato na furu nao hutoa taka zao humo humo. Mfugaji wa samaki wa kwenye tangi la kioo akilitazama ziwa hili angeapa kwamba limejaa amonia, sumu itokanayo na taka hizo.

Wanasayansi waliolichunguza mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuta amonia iliyo huru majini ni kidogo mno. Si kwamba haitolewi. Mwaka 1974 watafiti Ganf na Blažka walichapisha vipimo vya amonia inayotolewa na vijidudu vinavyoelea ziwani humo. Ila haikai: bakteria wa kijani-buluu, walewale wanaoyapa maji rangi, huinyakua mara moja kwa sababu wana njaa ya naitrojeni. Sato huwala bakteria hao, asidi kali ya tumbo lake huwavunja, kisha amonia hutoka tena kupitia matamvua.

Tangi jipya la sebuleni halina walaji hao wa amonia. Samaki wanatoa amonia, mabaki ya chakula yanaoza na kuiongeza, na hakuna wa kuiondoa. Kazi hiyo inangoja bakteria wengine, wanaoota taratibu kwenye sponji ya chujio: kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na makali hayo. Kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6 kukamilika. Ndiyo maana samaki wengi hufa ndani ya mwezi wa kwanza, mwenye nyumba akimlaumu muuzaji. Na anayeosha sponji kwa maji ya bomba yenye klorini anawaua bakteria wake mwenyewe. Aisuuze kwenye ndoo ya maji ya tangi.

Kupima amonia kwenyewe ni rahisi. Unachota maji kwenye kijichupa, unatia matone ya dawa, unasubiri dakika chache, halafu unalinganisha rangi na kadi. Njano ni salama; kadiri inavyoelekea kijani, ndivyo hali inavyokuwa mbaya. Soma kwenye mwanga wa mchana, maana chini ya balbu ya njano rangi hudanganya.

Lakini namba ya kadi ni nusu ya habari. Vipimo vingi husoma jumla ya amonia, nayo ina sura mbili majini: iliyobeba haidrojeni ya ziada, ambayo haina madhara makubwa, na amonia tupu, inayopenya matamvua na kuua. Kinachoamua mgawanyo ni joto na, zaidi, pH. Kwenye nyuzi 25, maji ya pH 7 huwa na amonia tupu chini ya asilimia 1 ya jumla. Kwenye pH 8 ni asilimia 5 hivi. Kwenye pH 9 inapita theluthi. Kwa hiyo miligramu 1 kwa lita inaweza kuwa tahadhari tu kwa jirani yako na msiba kwako, hasa ukifuga samaki wa Ziwa Tanganyika wanaopenda maji ya pH ya juu. Miligramu 0.05 ya amonia tupu kwa lita yatosha kuanza kudhuru matamvua.

Ziwa Magadi, Kenya, lina pH inayokaribia 10, na samaki mdogo anaishi humo. Mwaka 1989 watafiti walieleza siri yake: hatoi taka zake kama amonia, hutoa yurea. Samaki wako hawana ufundi huo.

Mtego mbaya kuliko yote uko kwenye tangi lililosahauliwa. Maji yake hugeuka asidi polepole, bakteria hulegea, amonia hurundikana katika ile sura isiyoua. Siku moja mwenye tangi anajirekebisha, anabadilisha nusu ya maji kwa ya bomba yenye pH 8, pH inapanda na amonia ile inaanza kugeuka tupu, na kufika jioni samaki wanaelea. Tangi la namna hiyo badilisha sehemu moja ya kumi tu kwa siku, ukipima amonia na pH kila mara kabla ya kuongeza.