Mwendo wa Nuru: Upimaji wa Umbali wa Angani na Istilahi Yake

Tarehe 1 Septemba, 2016, watu walikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali katika Mkoa wa Mbeya, kutazama kupatwa kwa jua. Mwezi ulikaa katikati ya jua, ukaacha ukingo mwembamba wa mwanga mithili ya pete. Pete hiyo ilitokana na umbali. Umbali wa mwezi kutoka duniani hubadilika baina ya takribani kilomita 357,000 na 407,000. Siku hiyo ulikuwa mbali kiasi cha kutoweza kulifunika jua lote. Makala haya yanaeleza jinsi umbali wa namna hiyo unavyopimwa, na tatizo la kiistilahi linalojitokeza unapoelezwa kwa Kiswahili.

Kanuni yenyewe ni ile ya mpima ardhi. Atakaye kujua upana wa mto Ruaha Mkuu bila kuuvuka huchagua nukta mbili ukingoni, hupima urefu baina yake, kisha huutazama mti mmoja wa ng'ambo kutoka kila nukta na kupima pembe. Urefu mmoja na pembe mbili hutosha kukokotoa umbali wa mti. Kule kuhama kwa kitu machoni kunakotokana na mtazamaji kubadili mahali huitwa paralaksi. Mbeya na Iringa zimetengana kwa takribani kilomita 280 kwa mstari ulionyooka. Mwezi ukiwa juu angani, ukapigwa picha katika miji hiyo miwili kwa wakati mmoja, utaonekana umehama mbele ya nyota kwa takribani sehemu moja ya kumi na mbili ya upana wake.

Kwa nyota, msingi wa kilomita 280 ni mfupi mno. Kwa hiyo wanaastronomia huitazama nyota mara mbili, kwa kupishana miezi sita, ili mzunguko wa dunia uwapatie msingi wa takribani kilomita milioni 300. Kwa njia hiyo Friedrich Bessel alitangaza umbali wa nyota mwaka 1838. Mwaka uliofuata Thomas Henderson alitangaza ule wa Alfa Centauri, kutokana na vipimo alivyovichukua katika Rasi ya Tumaini Jema. Nyota hiyo huonekana pia kutoka Nyanda za Juu Kusini.

Alfa Centauri iko umbali wa takribani miaka-nuru 4.4. Hapa ndipo istilahi inapopotosha. Katika "mwaka-nuru" neno kuu ni "mwaka", hivyo mwanafunzi huelekea kudhani kwamba kinachotajwa ni muda. Kumbe ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja, yaani kilomita trilioni 9.46.

Hata hivyo, Kiswahili kina zana ya kuondoa utata huo. Msemaji asemapo kwamba kijiji kiko "mwendo wa siku mbili kwa miguu", hakuna anayedhani kwamba ametaja umri wa kijiji. Neno "mwendo" huunganisha muda na umbali bila kuvichanganya. Kwa msingi huo, jua liko mwendo wa dakika 8 za nuru, na Alfa Centauri mwendo wa miaka 4.4 ya nuru.

Suala hili si dogo. Mwanafunzi aliyeanza masomo kwa Kiswahili, kisha akakutana na Kiingereza sekondari, huvuka na maana aliyoipata mwanzo. Ikiwa potofu, huvuka nayo vilevile. Yafaa basi waandishi wa vitabu vya sayansi walitangulize neno "mwendo" kila "mwaka-nuru" unapotajwa kwa mara ya kwanza.