Kongelatere nyumbani: inalinda feza ama inakula feza?



Msimu wa kahawa ukiisha na mavuno yakilipwa, swali moja linarudi katika mikutano yetu huku kando ya ziwa Kivu: je, tununue kongelatere, ile friji ya sanduku inayofunguliwa juu? Wanaoitaka wanasema itasaidia kununua samaki wakati bei iko chini, na nyama haitaoza tena. Wengine wanataka kuomba mkopo katika AVEC ili waipate haraka. Mbele ya feza kutoka mfukoni, tufanye hesabu pamoja.

Kongelatere ni depo. Depo yenyewe haizalishi kitu. Inasaidia tu kama ndani yake munaweka vitu ambavyo vingewapotezea feza vikibaki inje, na kama feza hiyo inapita ile ambayo depo inakula kila mwezi.

Inakula ngapi kwa mwezi?

Bei tunazoandika hapa ni za mfano. Kila mtu aweke bei za soko lake.

Tuseme kongelatere ya litre 200 inauzwa dola 300, na inatumika miaka 8. Hiyo ni dola 3 na kidogo kwa kila mwezi. Mashine ya ukubwa huo inaweza kutumia karibu kilowati-saa 1 kwa siku, ni kusema 30 kwa mwezi. Kama kilowati-saa moja inalipwa dola 0,20, umeme unakula dola 6. Ongeza dola 1 ya kuweka pembeni kwa matengenezo. Jumla: karibu dola 10 kila mwezi, hata kama sanduku iko tupu.

Kama feza ya kununua ni ya mkopo, hesabu inakuwa nzito zaidi. Mkopo wa dola 300 wenye faida ya 5 kwa 100 kwa mwezi unaomba dola 15 mwezi wa kwanza, mbele ya kulipa deni lenyewe. Faida hiyo peke yake inapita gharama yote ya mashine.

Na mahali hakuna umeme? Grupu ndogo ya esanse inaweza kunywa karibu nusu litre kwa saa. Ikizunguka saa 8 kwa siku, ni litre 4. Kwa dola 1,5 kila litre, ni dola 6 kwa siku, dola 180 kwa mwezi. Hapo hakuna samaki wala nyama ya jamaa moja itakayorudisha ile feza.

Mfano wa kwanza: sambaza za kula nyumbani

Wote tunajua kwamba wavuvi wa sambaza wanatumia taa usiku. Mwezi ukiwa mkubwa, samaki hawakusanyiki sana kwenye taa, mavuno yanapunguka na bei inapanda. Mwezi ukipotea, samaki wanarudi na bei inashuka. Basi mama wa nyumba anafikiri: nitanunua wakati bei iko chini, nitaweka, tutakula wakati bei iko juu.

Wazo ni zuri, lakini tuangalie kilo. Tuseme jamaa inakula kilo 2 za sambaza kwa juma, na tofauti ya bei ni dola 1 kwa kilo. Wakati wa bei ya juu unafika siku kumi hivi, nayo inarudi mara moja kwa mwezi. Jamaa italinda dola 3 hivi. Kongelatere imekula 10. Kila mwezi nyumba inapoteza dola 7, nayo inafikiri inapata.

Sambaza zilizokaushwa vizuri juani, juu ya meza ya wavu, zinafanya kazi ileile bila umeme. Mihogo iliyokaushwa, maharagi na mahindi makavu pia havihitaji baridi. Vinahitaji kukauka kabisa na kufungwa vizuri.

Kwa nyama, wazee wetu waliacha njia nyingine: jamaa tano zinakubaliana, mmoja anachinja nguruwe leo, wote wanagawana, juma lingine anachinja mwingine. Nyama inaliwa ikiwa mbichi, hakuna inayooza, na hakuna anayelipa umeme. Mahali watu wanaaminiana, zamu kama hiyo inapita mashine.

Mfano wa pili: kuku wa nyama wa kuuza

Hapa hesabu inabadilika. Kuku wa nyama akifikisha uzito wa kuuzwa, kila siku ya kumungoja mteja inakula chakula, karibu gramu 150 kwa kuku mmoja.

Tuseme mwanamemba ako na kuku 40 tayari, na anauza 2 kwa siku. Atamaliza siku 20. Kwa siku hizo, kuku wanaobaki watakula karibu kilo 60. Akiwa na kongelatere, anachinja 5 kwa siku, anamaliza siku 8, na chakula kinashuka kufika kilo 24. Amelinda kilo 36. Kwa dola 0,60 kila kilo, ni dola 21 na kidogo kwa kila kundi la kuku.

Kama anafuga kundi moja kila miezi miwili, kongelatere kwa muda huo imekula dola 20. Amebaki karibu na sifuri. Hajapoteza, lakini hajapata.

Sasa wafugaji watatu waweke mashine moja pamoja, na wapange zamu: kila siku 20, kundi la mmoja linaingia. Kwa miezi miwili wanalinda karibu dola 64. Toa 20 za mashine, inabaki 44 ya kugawana. Mashine ni ileile, umeme ni karibu uleule, lakini sasa inafanya kazi kila siku. Kongelatere inayozunguka inalipa. Ile inayolala na vitu vichache inakula mwenyewe.

Mbele ya kuamua, ulizeni wateja wenu kama watakubali kuku wa baridi kwa bei ileile. Wakitaka kuku wa kuona akitembea, hesabu yote inaanguka.

Hatari: umeme ukikatika

Katika mfano wetu, siku ya nane kunakuwa kuku 24 ndani. Kwa dola 7 kila mmoja, ni dola 168, zaidi ya nusu ya bei ya mashine. Siku chache za delestaji ndefu zinaweza kula faida ya makundi karibu nane. Kwa hiyo:

- Umeme ukikatika, hapana kufungua. Kongelatere iliyojaa inashika baridi karibu saa 48 ikifungwa. Iliyojaa nusu, karibu saa 24.
- Nafasi tupu mujaze na chupa za plastiki zenye maji, lakini musizijaze kufika juu, sababu maji yakiganda yanapanuka. Chupa hizo zinasaidia kushika baridi.
- Nyama ambayo ingali na barafu ndani munaweza kuigandisha tena, hata kama utamu utapunguka. Ile iliyopata joto zaidi ya saa mbili, tupeni. Baridi haiui vijidudu, inavilalisha tu. Joto likirudi vinaamka.
- Kama mahali penu umeme unakatika mara kwa mara zaidi ya siku mbili, musinunue.

Kama mumeamua kununua

Hapana kuingiza nyama nyingi siku moja. Sanduku ya litre 200 inaweza kugandisha vizuri kilo 7 hadi 9 kwa siku. Ukiweka 40 kwa mara moja, ile ya katikati inaweza kuharibika mbele ya baridi kufika. Ndiyo sababu tulisema kuku 5 kwa siku.

Gawanyeni nyama katika sashe ndogo, toeni hewa, na andikeni tarehe. Cha zamani kitoke kwanza. Sambaza ziko na mafuta, zisipite miezi miwili au mitatu. Sombe itwangwe na ichemshwe vizuri mbele ya kuwekwa, sababu baridi haiondoi sumu ya majani ya mihogo.

Mashine ikae mahali pa kivuli, mbali na jiko, na nafasi ya hewa kati yake na ukuta. Barafu ikizidi unene wa kidole kwenye kuta za ndani, muitoe, lakini si kwa kisu: kisu kinaweza kutoboa bomba la gazi, na hapo mashine imekufa.

Kazi ya mwezi huu

Mbele ya mkutano unaokuja, kila mwanamemba anayetaka kongelatere achukue kaye na aandike kwa siku 30 mambo matatu: kilo ngapi za samaki, nyama ama mboga zimeoza au zimeuzwa kwa hasara sababu hapakuwa na baridi; chakula gani kimeliwa na kuku waliokuwa wanangoja mteja; na saa ngapi umeme umekatika.

Mwisho wa mwezi, mujumlishe hasara. Ikiwa chini ya dola 10, muache feza katika AVEC ama muinunulie mbegu na dawa. Ikipita 10, muitafute mashine. Ikiwa karibu na 10, muongee na majirani wawili mbele ya kwenda dukani, na muandike katika karatasi moja nani analipa umeme, nani anashika funguo, na zamu ya kila mmoja ni lini.