Ufunguo Uliofichwa Usoni

Katika jimbo la Ontario, nchini Kanada, mtu aliyetambua kwamba kamari inammaliza anaweza kutia saini fomu ya kujifungia milango ya kasino. Hapo anawaomba walinzi wamzuie hata siku atakayokuja mwenyewe, akiwa amebadili nia. Ni uamuzi wa kishujaa, na anayeufanya anastahili mfumo utakaomshika mkono. Kwa miaka mingi, hata hivyo, kazi hiyo ilitegemea macho na kumbukumbu za walinzi. Orodha ilikuwa na maelfu ya watu. Hakuna binadamu anayeweza kukariri nyuso zote hizo, kwa hiyo wengi waliojifungia waliendelea kupita na kucheza.

Kamera za kutambua nyuso zilionekana kuwa dawa. Tatizo ni kwamba ili imnase mmoja aliyeomba kuzuiwa, kamera lazima imtazame kila anayeingia, na wageni wengine hawakuomba lolote. Ontario Lottery and Gaming, shirika la umma linalosimamia michezo ya kamari jimboni humo, lilikaa na Ann Cavoukian, aliyekuwa Kamishna wa Taarifa na Faragha wa jimbo, pamoja na wahandisi wa Chuo Kikuu cha Toronto. Mwaka 2010 wakachapisha matokeo ya jaribio lao. Sijaona mfano bora zaidi wa kasino kuulinda uso wa mteja, na namna walivyofanya inafaa kuelezwa hatua kwa hatua.

Programu ya kutambua nyuso hupima picha na kuigeuza kuwa msururu wa namba unaoitwa kiolezo. Mgeni anapofika mlangoni hutengenezwa msururu mpya, nao hulinganishwa na ile iliyohifadhiwa. Ikikaribiana vya kutosha, mlinzi hupewa taarifa. Namba hizo hukaribiana tu, hazilingani. Picha mbili za mtu yuleyule hazitoi namba zilezile: mwanga umebadilika, ndevu zimeota, kichwa kimeinama kidogo.

Hapo ulinzi tuliouzoea unakwama. Mfumo mzuri hauweki nywila yako. Huipitisha kwenye hesabu isiyorudi nyuma, ukaweka jibu peke yake. Ukiandika nywila tena, hesabu hurudiwa na majibu mawili hulinganishwa. Ikibadilika herufi moja, jibu zima hubadilika, na kwa sababu hiyo njia hii haiufai uso, ambao kila siku huja na tofauti ndogo. Njia iliyozoeleka ni kuweka violezo vilivyosimbwa kwa ufunguo ambao kampuni yenyewe inao, na atakayeupata ufunguo huo amezipata nyuso zote. Wala halazimiki kuvunja ukuta. Mwaka 2023 kampuni ya Caesars ya Marekani ilitangaza kwamba wadukuzi waliihadaa kampuni ya nje iliyokuwa ikiihudumia kwa mambo ya kompyuta, wakaondoka na nakala ya hifadhidata ya wateja wake wa kudumu, zikiwemo namba za leseni za udereva za wengi wao. Leseni hubadilishwa. Mtu aliyeibiwa uso ataendelea kuutumia huohuo maisha yake yote.

Mwaka 1999 wanasayansi wawili, Ari Juels na Martin Wattenberg, walieleza njia ya kuukwepa mtego huo. Unachagua ufunguo, yaani namba ndefu isiyo na mpangilio wowote. Unaurefusha kwa kanuni ya kusahihisha makosa, ile hesabu inayoongeza namba za ziada ili ujumbe uliochafuka urejeshwe. Ndiyo inayoiwezesha CD yenye mikwaruzo kupiga muziki bila kukatika. Kisha unauchanganya ufunguo huo mrefu na namba za uso, halafu unavitupa vyote viwili. Kinachobaki ni mchanganyiko, ambao peke yake hauonyeshi uso wala ufunguo. Mwenye uso akirudi, namba zake mpya hutolewa kwenye mchanganyiko huo. Kinachojitokeza ni ufunguo wenye makosa machache, kwa kuwa uso wa leo umetofautiana kidogo na wa jana. Kanuni huyasahihisha, na ufunguo hutoka mzima. Akisimama mtu mwingine, makosa huwa mengi kuliko uwezo wa kanuni, na hakuna kinachofunguka.

Wahandisi wa Toronto walifuata wazo la ukoo huohuo. Kwanza programu ya kawaida hutafuta kama mgeni anafanana na yeyote aliyejiorodhesha. Asipofanana na mtu, picha yake hufutwa. Akifanana, uso ulio mbele ya kamera ndio unaofungua kiungo kati ya kiolezo na faili lenye jina na taarifa zake. Mlinzi naye hulinganisha picha na mgeni kwa macho yake kabla ya kumwendea. Violezo vya hatua ya kwanza bado vipo, kwa hiyo huu si ulinzi kamili. Lakini mwizi wa hifadhidata angebaki na namba zisizo na majina na majina yasiyo na nyuso.

Australia ilionyesha upande wa pili. Klabu kadhaa zenye mashine za kamari katika jimbo la New South Wales zilitumia vifaa vya kuandikisha wageni mlangoni kutoka kampuni ya Outabox. Mwaka 2024 ikazuka tovuti iliyodai kuwa na zaidi ya rekodi milioni moja za wageni hao, zikiwemo leseni na data za nyuso, na polisi wakamkamata mtu mmoja. Mgeni alikuwa ameiamini klabu aliyoizoea. Taarifa zake zilikuwa mikononi mwa mkandarasi.

Hesabu haiwezi kumzuia mwenye kamera kuigeuzia kazi nyingine kesho. Hilo linahitaji sheria yenye meno. Jimbo la Illinois, Marekani, lilitunga yake mwaka 2008: kampuni binafsi lazima ipate idhini ya maandishi kabla ya kuchukua alama za mwili, nayo lazima iziteketeze kazi ikiisha au ndani ya miaka 3 tangu ilipohusiana na mtu huyo mara ya mwisho, lolote litakalotangulia. Mwaka 2019 mahakama ya juu kabisa ya jimbo, katika kesi ya mvulana wa miaka 14 aliyechukuliwa alama ya kidole gumba kwenye bustani ya michezo ya Six Flags, iliamua kwamba mtu anaweza kushtaki hata kama hajapata hasara nyingine. Fidia ni dola 1,000 kwa uzembe na dola 5,000 kwa kukusudia. Mwaka 2024 bunge la jimbo lilipunguza makali hayo: mtu akipimwa uso mara mia kwa namna ileile na kampuni ileile, sasa anahesabiwa kuwa amekosewa mara moja.