Muzee akisahau njia ya nyumba, si ulozi

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama mnaoshinda nyumbani na wazee,

Hapa Kiambi, kama kwingine Tanganyika, muzee akianza kupotea njia ao kusahau majina ya wajukuu, wengine wanasema mbio: ni mulozi. Sisi wa sendika tunasema wazi: huyo ni mgonjwa.

Ugonjwa wa kusahau unaojulikana zaidi unaitwa Alzheimer. Protini mbili, amiloidi na tau, zinakusanyika ndani ya ubongo na kuuharibu kidogo kidogo, miaka mingi mbele ya dalili kuonekana. Zamani, ili kuzitambua, waganga walihitaji mashine kubwa ya picha ao kuchoma sindano mgongoni. Sasa zinapimwa katika damu ya mkono. Mwezi wa tano 2025, Marekani iliruhusu kipimo cha kwanza cha damu cha namna hiyo, kwa watu wa miaka 55 na zaidi wenye dalili tayari.

Kongo nayo imo. Mtaalamu Mkongomani Jean Ikanga, wa Chuo Kikuu cha Kinshasa na cha Emory kule Marekani, na wenzake walipima protini hizo katika damu ya watu wa Kinshasa wenye miaka 50 na zaidi, wazima na wenye dalili. Ni kazi ya maana, juu vipimo hivi vilijaribiwa zaidi kwa watu wa Ulaya na Marekani. Hesabu za kule hazifai kubandikwa juu yetu bila kuhakikisha.

Lakini tusidanganyane. Figo mbovu zinaweza kupandisha hesabu hizo, na dawa ya kuponya Alzheimer bado haijapatikana. Tena kusahau kuna sababu zingine zinazotibika: kaswende, huzuni nzito, ugonjwa wa tezi ya shingo. Tansio ya juu nayo inaharibu mishipa ya ubongo, na kuipima hakuombi safari ya Kinshasa.

Basi, tumpeleke muzee kwa munganga kwanza, mbele ya kutafuta nani amemloga nani. Na siku tutakapokaa na wenye migodi kuongea matunzo ya familia, tutadai wazazi wetu nao wahesabiwe. Ndio walichimba kasiterite tulipokuwa watoto. Muzee mgonjwa anatunzwa, hafukuzwi.