Semboja, Jemadari wa Mazinde

Mtu asafiriye kwa njia kuu kutoka Mombo kwenda Same huipita Mkumbara, na upande huohuo wa nyika, chini ya milima ya Usambara, ndiko iliko Mazinde. Huko alikaa Semboja, jemadari aliyeuteka mji wa Vugha.

Baba yake, Kimweri ye Nyumbai, alikuwa mfalme mkuu wa Wakilindi. Alitawala toka Vugha, juu mlimani, na watu walimtii kwa kuwa waliamini kwamba mvua imo mikononi mwake. Wanawe aliwagawia nchi za kutawala, na Semboja akapata Mazinde. Ilikuwa nchi ya jua kali, lakini misafara ya pembe za ndovu itokayo Pangani ilipita hapo. Semboja akafanya urafiki na wafanyi biashara, akapata bunduki na baruti.

Kimweri alipokufa, mwaka 1862, alitawala mjukuu wake Shekulwavu. Semboja, aliye ammi yake, hakuridhika. Kabla ya miaka kumi kwisha alikusanya askari, wengine wageni wasio Washambala, akapanda mlima na kuiteka Vugha. Shekulwavu akakimbia, akafa asipate kurudi.

Semboja hakuketi kitini mwenyewe. Alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, naye akabaki Mazinde, kwani alijua kwamba nguvu zake zatoka njiani, si mlimani.

Lakini utii haukuja pamoja na ushindi. Wabondei waliasi, wakawafukuza Wakilindi, na vita hivyo vikaitwa Kiva. Upande wa mashariki Kibanga, nduguye Shekulwavu, aliendelea kupigana. Kila upande ulitaka bunduki, na bei yake ikawa watu: wanawake na watoto walitekwa mashambani, wakauzwa pwani. Mkulima aliyezoea kuogopa ukame sasa aliwaogopa watawala wake.

Wadachi walipokuja waliikuta nchi imegawanyika. Semboja alikufa mwaka 1895. Mwaka huohuo Wadachi walimnyonga mwanawe Mputa, aliyemrithi Kimweri Maguvu, wakampa ufalme Kinyashi, wa upande ule Semboja alioupiga vita.

Wazee husema, vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Semboja alishinda Vugha kwa siku chache. Taabu ya ushindi huo watu waliichukua kwa miaka mingi.