Minervali haingoji mbalamwezi ipite

Wavuvi wa ndagala wa Kalundu, hapa Uvira, hawaingii ziwani kila usiku. Taa zao huwavuta samaki pale tu anga linapokuwa jeusi. Mwezi ukishapevuka, nuru yake inazishinda taa, mitumbwi inavutwa ufukweni, na siku kadhaa hupita watu wakishona nyavu. Wanawake wanaoanika ndagala mchangani nao hukosa cha kuanika, na mwenye duka la Kimanga anajua kwamba wiki hiyo atauza kwa deni. Fedha ya Uvira, kwa sehemu kubwa, hujaa gizani na kupwa kwenye mbalamwezi.

Chuo kikuu hakihesabu hivyo. Tranchi ya kwanza ya minervali, yaani ada, ina tarehe yake, ya pili ina yake, na asiye na bodero ya benki mkononi hubaki nje ya chumba cha mtihani. Na tangu nchi 4 za Ziwa Tanganyika, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zikubaliane kulipumzisha ziwa, kuna pia miezi 3 ya kufunga uvuvi, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Familia inatoka kwenye ukame huo, inavuta pumzi kidogo, mara vyuo vinafungua mwaka.

Zamani shida hii ilikuwa ya wachache. Kijana alisoma gradua miaka 3, akaongeza lisansi miaka 2, akafunga daftari. Aliyetamani diploma za juu zaidi, DEA au DES, alielekea Kinshasa, Lubumbashi au Kisangani, na kutoka Uvira mpaka Kinshasa mtu kwa kawaida hufika kwa ndege. Sheria ya elimu namba 14/004 ya 11 Februari 2014 ndiyo iliyofungua mlango wa mfumo wa LMD, na kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022 serikali ikaueneza katika vyuo vyote: lisansi miaka 3, masta 2, udaktari 3. Mtu aliyedhani amemaliza masomo akajikuta yuko katikati ya ngazi. Msaidizi wa chuo anayetaka kupanda cheo, muuguzi anayetaka kuongoza zone ya afya, karani wa forodha anayemwona mdogo wake wa kazi akimpita, wote sasa wanauliza bei ya masta. Elimu ya msingi katika shule za serikali ilifanywa ya bure mwaka 2019. Mzigo ulioshuka chini ukapanda juu, kwa watoto wakubwa wenye mishahara midogo na wadogo wa kulea.

Hasara ya kwanza katika biashara hii imejificha kwenye majina. Lisansi ya baba ilikuwa ya miaka 5. Lisansi ya mtoto ni ya miaka 3. Ng'ambo ya mpaka, Burundi wana mfumo wa BMD, ambamo bakaloreya ni shahada ya kwanza ya chuo kikuu, wakati Mkongomani aliyezoea Kifaransa cha vitabu vya Ufaransa husikia mtihani wa kumaliza sekondari. Uganda na Tanzania shahada nyingi za kwanza ni za miaka 3, Kenya 4. Mwenye lisansi ya zamani akibisha hodi kwenye chuo cha nje bila kupeleka karatasi ya alama za miaka yote 5, anaweza kuhesabiwa kama aliyesoma 3. Nawaambia wanaoniuliza: kabla ya kutoa hata faranga moja ya maombi, omba chuo kikujibu kwa maandishi kwamba lisansi yako inaingia mwaka gani wa masta. Mwaka mmoja unaookolewa hapo unazidi punguzo lolote la ada.

Bukavu ndiyo ilikuwa njia ya kawaida. Kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki kilichoanzishwa 1989, kuna Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu, kuna Chuo Kikuu cha Kiinjili Afrika, na diploma zao hazihitaji kutafsiriwa na mtu. Lakini mwaka 2025 ulilikata jimbo la Kivu Kusini vipande viwili. Waasi wa M23 waliingia Bukavu katikati ya Februari, benki zikafunga milango, uwanja wa ndege wa Kavumu ukasimama, na uongozi wa jimbo ukahamia Uvira. Mzazi wa Mulongwe, Uvira, mwenye fedha mkononi akakosa mahali pa kuilipia, na bodero ile ile iliyokuwa haki ya kuingia mtihani haikuwa na dirisha la kuitoa. Desemba vita vikafika Uvira kwenyewe, na mpaka wa Burundi ukafungwa. Ninayataja haya kwa sababu ni sehemu ya bei. Anayechagua chuo huku lazima aulize pia: barabara ikikatika, nitasoma wapi, na nitamlipa nani?

Kwa muda mrefu jibu la wengi limekuwa Bujumbura. Ni kilomita zisizofika 30. Mpaka ukiwa wazi, unapanda moto, yaani pikipiki, hadi forodhani Kavimvira, unaonyesha lesepase au karata ya CEPGL, unavuka, unachukua gari Gatumba, na kama ziwa na mto Ruzizi havijafurika barabarani, uko mjini kabla kiti hakijapata joto. Huko kuna Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanza 1964, na vyuo binafsi kama Espoir d'Afrique na Lumière. Mvuto mkubwa ni masomo ya jioni na ya wikiendi: mwalimu anafundisha Uvira Jumatatu hadi Ijumaa, na mshahara wake haukatiki. Miaka miwili bila mshahara ndiyo gharama kubwa kuliko zote za masta, ingawa haiandikwi kwenye karatasi ya ada. Bujumbura inaifuta.

Inaifuta, kisha inadai nyingine kidogo kidogo. Tuchukue mfano wa hesabu, usio bei ya chuo chochote. Tuseme ada ni dola 800 kwa mwaka, na kila wikiendi ya masomo inakula dola 15 kwa moto, mpaka, gari, chakula na mahali pa kulala. Wikiendi 36 ni dola 540. Mwaka unakuwa wa dola 1,340, na katika kila dola 10, dola 4 zimeishia njiani. Atakayelinganisha vyuo viwili kwa kutazama ada tu atakosea. Uhaba wa mafuta ulioisumbua Burundi miaka hii hupandisha nauli ghafla, na wanafunzi wa Uvira husikia pigo hilo kabla ya wakuu wa vyuo.

Kuna pia suala la sarafu, ambalo mtu wa mpakani analijua kwa damu. Faranga ya Burundi imekuwa na bei mbili, ya benki na ya barabarani, na ya barabarani ilifika zaidi ya mara mbili ya ile ya benki. Kwa mwenye dola, ada iliyoandikwa kwa faranga za Burundi inaweza kuonekana nafuu ya ajabu. Basi ulizeni kwanza: mgeni hulipa kwa faranga au kwa dola? Akilipa kwa dola, ni kwa kiwango kipi? Jumuiya ya Afrika Mashariki inasema mambo mazuri juu ya hili. Wakuu wa Jumuiya walitangaza eneo moja la elimu ya juu mwaka 2017, Kongo ikaingia Jumuiya mwaka 2022, na wazo la mwanafunzi wa nchi mwanachama kulipa kama mwenyeji linazungumzwa tangu hapo. Mezani kwa mhasibu, kinachotawala ni karatasi ya ada ya chuo chenyewe. Ombeni hiyo, yenye mhuri.

Kampala huwavuta wanaotaka Kiingereza. Makerere ya 1922 ina jina lake, na vyuo binafsi vimepokea Wakongomani wengi. Ila mwaka 2023 Uganda ilitikiswa na mjadala mkali ilipoonekana kwamba kozi nyingi za vyuo vikuu zilikuwa zimepitwa na muda wa kibali. Chuo kilikuwa halali. Kozi ndiyo iliyokuwa imechelewa kukaguliwa upya. Kwa hiyo msitafute jina la chuo peke yake. Tafuteni kozi yenyewe kwenye orodha ya mamlaka ya nchi: NCHE Uganda, TCU Tanzania, CUE Kenya, HEC Rwanda, CNES Burundi. Orodha hizo ziko wazi kwenye intaneti, na simu ya mwanafunzi yeyote wa Uvira inazifungua. Mkirudi nyumbani na diploma ya nje, bado kuna ulinganifu wa wizara ya elimu ya juu, huko Kinshasa. Uwekeni kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Fedha zenyewe zinatoka wapi? Benki za huku hazina mkopo wa masomo ambao mwalimu angeuota. Zinatoka kwa mjomba, kwa parseli inayouzwa, kwa likelemba, yaani mchango wa zamu, na kwa MUSO. Kivu Kusini nzima inaijua mutuelle ya solidarite na masanduku yake matatu: la kijani la akiba na mkopo, jekundu la msiba na ugonjwa, la buluu la fedha kutoka nje. Ni chombo kizuri kilichojengwa na watu wenyewe, nami nakiheshimu. Lakini sanduku la kijani limeumbwa kwa mama anayenunua ndagala leo na kuuza Bukavu wiki ijayo. Mkopo ni wa miezi michache, riba ni ya mwezi. Riba ya 5 kwa 100 kwa mwezi ni nyepesi kwa mzigo wa samaki. Ikishikiliwa mwaka mzima inakuwa 60 kwa 100. Masta haiuzwi wiki ijayo. Nimeona watu wakilipia tranchi kwa mkopo wa MUSO, wakakopa kwingine kuurudisha, na mwaka wa pili wakaacha masomo huku deni likiendelea.

Likelemba inafaa zaidi, kama ukijua kuomba zamu. Haina riba, na mpangilio wa kupokea hujadiliwa mwanzoni. Anayejua tarehe za tranchi zake aombe zamu inayotangulia kila moja kwa wiki mbili, aichukue hata kama wengine wanagombea zamu ya kwanza. Nasisitiza jambo hili dogo kwa sababu ndilo pekee ambalo mtu anaweza kulifanya kesho asubuhi bila kumwomba mkubwa yeyote.

Fedha za bure, yaani ufadhili, zipo, ila zina saa zake. DAAD ya Ujerumani, katika kozi zake za maendeleo, hutaka shahada iliyopatikana si zaidi ya miaka 6 iliyopita na uzoefu wa kazi wa miaka 2. Chevening ya Uingereza hudai saa 2,800 za kazi. Ufadhili wa Japani kupitia Benki ya Dunia hutaka miaka 3 ya kazi. Ubelgiji, kupitia VLIR-UOS na ARES, nayo ina umri na uzoefu inaoangalia. Ukiziweka pamoja unaona dirisha: mwaka wa 3 hadi wa 6 baada ya shahada. Watu wetu hufanya kinyume. Huweka akiba miaka 8, fedha ikigoma ndipo wanakumbuka ufadhili, na dirisha limefungwa. Omba mapema huku ukiweka akiba. Ukikosa, akiba ipo. Tena usipoteze muda kwenye za Jumuiya ya Madola kwa kuwa umesikia jirani wa Rwanda amepata: Rwanda iliingia 2009, Kongo si mwanachama.

Swali ninaloona linakwepwa ni la kazi. Kwa miaka 20 masta iliyouzwa zaidi huku ilikuwa ya usimamizi wa miradi na ya maendeleo, kwa sababu mwajiri mwenye dola alikuwa shirika la misaada au MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa. MONUSCO ilifunga shughuli zake Kivu Kusini katikati ya 2024. Mwaka 2025 Marekani ikakata misaada ya USAID, na ofisi nyingi zikapunguza watu. Vyuo bado vinatangaza kozi zile zile. Atakayelipa dola 3,000 leo kwa soko la 2015 anastahili kuambiwa ukweli.

Ukweli mwingine uko mbele ya macho. Kituo cha utafiti wa hidrobiolojia kiko hapa hapa Uvira tangu enzi ya Ubelgiji, kando ya ziwa lenye kina cha mita 1,470, na samaki wanaotulisha wanahitaji watu wa kuwahesabu. Kipindupindu hakijawahi kuuacha mji huu kwa muda mrefu, na watafiti wa London walikuja kupima kama maji ya bomba ya Uvira yanaweza kukipunguza. Aprili 2020 mto Mulongwe ulibeba nyumba na watu. Mpunga wa uwanda wa Ruzizi, bandari ya Kalundu, forodha ya Kavimvira: kila kimoja kinahitaji mtaalamu anayeishi hapa, na mwajiri wake haondoki bajeti ya Washington ikibadilika. Masta ya maji, ya samaki au ya afya ya jamii ina mwajiri maskini zaidi, lakini aliye imara. Mimi ningemshauri mdogo wangu hivyo, hata akinuna.

Na vyuo navyo vina lao la kufanya. Kinachogawa minervali katika vipande 8 badala ya 3 hakipotezi hata dola, na kinapunguza wanaoacha masomo katikati. Kila kipande kikiangukia mwisho wa giza, wavuvi wakiwa wameshauza, foleni ya mhasibu ingekuwa ya watu wenye fedha. Tarehe za mwezi mpevu za mwaka mzima zinajulikana tangu Januari. Mvuvi yeyote wa Kalundu atakuhesabia.